Kulima, Kutifua Mistari au Kutotifua Kabisa: Namna Kila Njia Inavyobadili Mahitaji ya Mbolea ya Mahindi

Mkulima wa mahindi anayefikiria kuachana na plau, au anayesita kama mabua yafukiwe, yabaki juu ya ardhi au yapelekwe zizini, kwa kawaida huanza kwa kuhesabu gharama ya kulimisha na ya palizi, na suala la mbolea hulifikia mwisho, wakati uamuzi umekwisha kufanywa. Ningependa liwekwe mwanzoni, kwa sababu njia ya kutayarisha shamba ndiyo inayoamua udongo wenyewe utatoa naitrojeni kiasi gani, utaitoa lini, na mbolea ya kununua iwekwe wapi ili mzizi uifikie. Mapendekezo mengi ya mbolea yametokana na majaribio ya mashamba yaliyolimwa. Anayebadili namna ya kulima bila kugusa ratiba yake ya mbolea anaweza kupata mavuno hafifu na kuilaumu njia mpya, ilhali njia ile ingemfaa kama mbolea ingewekwa kwa wakati na mahali panapostahili.

Njia zinazolinganishwa hapa ni nne. Ya kwanza ni kulima shamba lote kwa plau au jembe la mkono na kuondoa mabua, ama kwa kuyachoma ama kwa kuyafanya malisho. Ya pili ni kulima shamba lote na kuyafukia mabua. Ya tatu ni kutifua mistari au mashimo ya kupandia peke yake, huku nafasi iliyobaki ikiachwa bila kuguswa na mabua yakiwa yametandazwa juu yake. Ya nne ni kutotifua kabisa, ambapo mbegu hupandwa moja kwa moja kupitia matandazo ya mabua.

## Vigezo vya ulinganisho

Kila njia itapimwa kwa mambo manne. La kwanza ni naitrojeni: inapatikana kiasi gani msimu huu, na mwelekeo wake ni upi baada ya miaka kadhaa. La pili ni fosforasi na potasiamu: zinaondoka shambani au zinabaki, na zinakaa katika kina gani. La tatu ni uwekaji wa mbolea, yaani kina, umbali kutoka kwenye mbegu, na wakati. La nne ni nani inayemfaa, kwa kuangalia udongo, mvua, mifugo na nguvu kazi aliyo nayo. Mavuno sikuyafanya kigezo cha peke yake, kwa kuwa hutegemea hayo yote manne kwa pamoja.

## Hesabu ya kuanzia: nini kimo ndani ya mabua

Kabla ya kulinganisha, inafaa kujua mabua yamebeba nini. Kila tani ya nafaka ya mahindi huondoka shambani na takriban kilo 13 hadi 15 za naitrojeni, kilo 3 hivi za fosforasi na kilo 4 hivi za potasiamu. Kila tani ya mabua makavu ina takriban kilo 6 hadi 8 za naitrojeni, kilo 1 hivi ya fosforasi, na kilo 10 hadi 15 za potasiamu. Namba hizi ni za kirutubisho chenyewe. Mifuko mingi ya mbolea huandika fosforasi na potasiamu kwa kipimo cha oksidi, hivyo anayetaka kulinganisha na maandishi ya mfuko azidishe fosforasi kwa 2.3 na potasiamu kwa 1.2.

Tuchukue shamba lililotoa tani 4 za nafaka kwa hekta pamoja na tani 5 hivi za mabua. Nafaka ikiondoka peke yake, shamba limepoteza kilo 16 hivi za potasiamu. Mabua nayo yakiondoka, upotevu huo unavuka kilo 65, yaani mara nne au zaidi. Fosforasi hali yake ni tofauti, kwa kuwa sehemu kubwa imo ndani ya punje na itaondoka kwa vyovyote vile. Kwa naitrojeni, mabua yana kilo 30 hadi 40, kiasi ambacho si kidogo, lakini hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu: kuwa na naitrojeni ndani ya mabua si sawa na kuwa nayo ndani ya mmea unaokua.

Sababu ni uwiano wa kaboni kwa naitrojeni. Katika mabua ya mahindi uwiano huo ni karibu 60 kwa 1, wakati vijidudu vinavyoyaozesha vinahitaji chakula chenye uwiano wa karibu 25 kwa 1. Vinapokula mabua hujikuta na kaboni tele na naitrojeni haba, na upungufu huo huufidia kwa kuchukua naitrojeni iliyo tayari udongoni, ile ile ambayo mche wa mahindi unaihitaji. Haipotei, imefungwa ndani ya miili ya vijidudu na itaachiliwa baadaye vinapokufa. Lakini mahindi yana kipindi chake cha kula, kinachoanza kupamba moto mimea inapofika magotini na kuendelea hadi wakati wa kutoa ndevu, na naitrojeni inayofunguliwa baada ya hapo huchangia kidogo sana mavuno ya msimu huo. Majani ya mikunde, ambayo uwiano wake mara nyingi hauzidi 20 kwa 1, hayana tatizo hili na huanza kuachilia naitrojeni mapema.

## Njia ya kwanza: kulima na kuondoa mabua

Naitrojeni. Kwa msimu mmoja, hii ndiyo njia ambayo mche huanza nayo kwa nguvu kwa kiasi kidogo zaidi cha mbolea ya kupandia. Plau inapogeuza udongo, hewa huingia, mabonge yaliyoificha mboji huvunjika, na mvua za kwanza zinaponyesha vijidudu huivunja mboji hiyo kwa kasi na kuachilia naitrojeni. Hakuna mabua ya kuifunga. Shamba huonekana la kijani kibichi tangu mapema, na ndiyo maana wakulima wengi huamini, kwa kile wanachokiona kwa macho, kwamba kulima vizuri ni sehemu ya kurutubisha.

Hiyo naitrojeni ni akiba inayotolewa. Asilimia 1 ya mboji katika sentimita 20 za juu za udongo ni kama tani 26 kwa hekta, zenye naitrojeni ya kilo 1,300 hivi, na kwa kawaida asilimia 1 hadi 3 yake huachiliwa kila mwaka. Shamba linalolimwa kila msimu bila kurudishiwa mabua wala samadi hupunguza akiba hiyo, na kila asilimia ya mboji inayopotea huongeza mahitaji ya mbolea kwa kiasi cha kilo 13 hadi 39 za naitrojeni kwa hekta kila mwaka ili kupata mavuno yale yale. Tena, sehemu ya naitrojeni ya mwanzo wa mvua haimfikii mlengwa, kwa sababu mche wa wiki tatu za kwanza hula kidogo mno, na kwenye udongo wa kichanga mvua kubwa huizamisha chini ya mizizi.

Fosforasi na potasiamu. Kulima huchanganya virutubisho katika kina chote cha plau, jambo ambalo ni zuri. Tatizo ni potasiamu inayoondoka na mabua. Udongo ulio na akiba kubwa ya madini ya potasiamu unaweza kuvumilia hali hiyo kwa miaka mingi. Udongo wa kichanga au uliochakaa huonyesha upungufu mapema, kwa majani ya chini kuanza kukauka kwenye kingo huku katikati yakibaki ya kijani.

Ikiwa mabua huchomwa, naitrojeni karibu yote na sehemu kubwa ya salfa hupanda angani. Fosforasi na potasiamu hubaki kwenye majivu, lakini majivu ni mepesi, na upepo au mvua ya kwanza ya kishindo yaweza kuyahamisha. Aliyewahi kukusanya mabua katika marundo na kuyachomea hapo ameona msimu unaofuata madoa ya mahindi marefu pale marundo yalipokuwa, na mahindi ya kawaida kwingineko: virutubisho vya shamba zima vimehamishiwa sehemu chache. Ikiwa mabua hulishwa mifugo, sehemu kubwa ya fosforasi na potasiamu hupita ndani ya mnyama na kutoka tena, fosforasi katika kinyesi na potasiamu zaidi katika mkojo. Zizi lisilo na matandiko ya kunyonya mkojo hupoteza potasiamu ardhini na naitrojeni hewani, na samadi inayorudi shambani huwa imepungukiwa kile mabua yalichokuwa nacho kwa wingi.

Uwekaji wa mbolea. Hapa kazi ni rahisi kuliko katika njia nyingine zote. Udongo ni laini, mbolea ya kupandia hufukiwa bila taabu, na mbolea ya kukuzia hufunikwa wakati wa palizi.

Anayefaa. Njia hii inaeleweka kwa mwenye mifugo ambayo haina malisho mengine wakati wa kiangazi, alimradi samadi inarudi kwenye shamba lile lile. Inaeleweka pia pale mabua yalipobeba bungua wengi au ugonjwa mzito wa majani, ingawa hata hapo kuyafukia au kuyalisha huokoa zaidi kuliko kuyachoma. Kwenye miteremko inatia wasiwasi, kwa kuwa udongo uliolimwa na kubaki mtupu huondoka pamoja na mbolea iliyonunuliwa.

## Njia ya pili: kulima na kufukia mabua

Naitrojeni. Mabua yaliyofukiwa hugusana na udongo kila upande na huoza haraka kuliko yaliyo juu. Kwa hiyo ufungaji wa naitrojeni huwa mkali lakini wa muda mfupi, na tarehe ya kufukia inakuwa na uzito kuliko kiasi cha mbolea. Yakifukiwa mara baada ya mavuno, wakati ardhi bado ina unyevu, sehemu ngumu ya kazi huwa imekwisha mbegu inapoingia ardhini. Yakifukiwa wiki moja au mbili kabla ya kupanda, mche huota katikati ya njaa: majani ya chini hugeuka manjano kuanzia kwenye ncha na kushuka kufuata mshipa wa kati kwa umbo la V, hata kama shamba lina mboji nzuri. Aliyechelewa namna hiyo anahitaji naitrojeni zaidi katika mbolea ya kupandia, na asisubiri kuyafidia yote kwenye mbolea ya kukuzia.

Kwa muda mrefu, njia hii hurudisha kaboni na naitrojeni udongoni, lakini kugeuzwa kwa udongo kila msimu huendelea kuivunja mboji. Matokeo ni kupunguza kasi ya kushuka, na kwenye baadhi ya udongo kuisimamisha, hasa mabua yakichanganywa na samadi au mikunde.

Fosforasi na potasiamu. Karibu yote ya mabua hubaki, tena yakiwa yamesambaa katika kina cha plau. Potasiamu ya mabua haijafungamana na nyuzi. Imo ndani ya maji ya chembe za mmea, na huachiliwa mapema bila kusubiri kuoza. Kwa kirutubisho hiki, njia ya pili na zile mbili zinazofuata hupunguza mahitaji ya mbolea kwa kiasi kinachokaribiana.

Uwekaji wa mbolea. Hautofautiani sana na njia ya kwanza, ila mabua yasiyokatwakatwa huzuia jembe na kuacha mifuko ya hewa chini ya mbegu. Kuyakata vipande vifupi kabla ya kufukia kunalipa.

Anayefaa. Udongo mzito wa mfinyanzi unaotuamisha maji, maeneo ya baridi ambako matandazo huchelewesha uotaji, na mkulima mwenye trekta au wanyamakazi wanaopatikana mapema baada ya mavuno. Inafaa pia shamba lenye asidi linalohitaji chokaa, kwa sababu chokaa hufanya kazi inapochanganywa na udongo. Anayelima kwa mkono peke yake ataiona kazi hii ni nzito, na nguvu hiyo lazima ihesabiwe.

## Njia ya tatu: kutifua mistari au mashimo tu

Katika njia hii, ripa, yaani chuma chembamba kinachokokotwa na wanyamakazi au trekta, hupasua mstari mwembamba penye kupandwa, au mkulima huchimba mashimo ya kupandia kwa jembe, mara nyingi yenye urefu wa sentimita 30 hivi, upana wa 15 na kina cha 15 hadi 20. Sehemu kubwa ya shamba haitifuliwi, na mabua hubaki kati ya mistari.

Naitrojeni. Penye mbegu, udongo umefunguliwa, umepata hewa na joto, na hauna mabua mengi. Hivyo mche hauonji sana ule ufungaji wa naitrojeni. Kati ya mistari, mabua huoza polepole juu ya ardhi. Mgawanyo huu hupunguza kishindo cha mpito, na kwa maoni yangu ndiyo sababu inayoifanya njia hii kuwa mlango mwepesi zaidi kwa anayetaka kuacha kulima shamba zima lakini hana uwezo wa kununua naitrojeni ya ziada katika misimu ya kwanza.

Fosforasi na potasiamu. Mbolea huwekwa mahali pale pale mzizi utakapopita. Fosforasi haisogei sana udongoni, kwa hiyo kilo chache zilizokusanywa karibu na mzizi hufanya kazi kuliko kilo nyingi zilizotawanywa, hasa kwenye udongo mwekundu wenye chuma na alumini nyingi ambao huinasa fosforasi. Mashimo yakitumika yale yale msimu hadi msimu, rutuba hujikusanya humo. Hilo linamsaidia anayetumia mbolea kidogo, lakini linavuruga upimaji wa udongo: sampuli iliyotoka ndani ya shimo husema shamba ni tajiri, na iliyotoka nje husema ni maskini. Sampuli zichukuliwe sehemu zote mbili na zipimwe kila moja peke yake.

Uwekaji wa mbolea. Ukaribu ndio faida na ndio hatari. Mbolea za amonia na urea zikigusana na mbegu ndani ya shimo huunguza chipukizi. Nafasi ya sentimita 5 pembeni na 5 chini ya mbegu ni kipimo salama; kwenye shimo, mbolea itangulie, ifunikwe kwa udongo, ndipo mbegu iwekwe. Samadi nayo huingia vizuri hapa, kwa kuwa kiasi ambacho kingetawanyika bila kuonekana kwenye shamba zima kinatosha mashimo.

Anayefaa. Mkulima wa eneo lenye mvua chache au za mashaka, kwani mashimo na mistari hukusanya maji. Mwenye mbolea na samadi kidogo. Na mwenye mabua yasiyotosha kufunika shamba zima kwa sababu mengine yameliwa na mifugo au mchwa. Kuchimba mashimo kunataka nguvu nyingi mwaka wa kwanza, na palizi kati ya mistari haipungui hadi matandazo yawe ya kutosha.

## Njia ya nne: kutotifua kabisa na kuacha mabua yote

Naitrojeni. Hapa ndipo ushauri wa mbolea unapobadilika zaidi. Udongo uliofunikwa huwa na unyevu na ubaridi zaidi, mboji haivunjwi na chuma chochote, na mabua huoza taratibu juu. Kwa hiyo naitrojeni ya udongo huchelewa kutoka, na ile ya mbolea hufungwa kwa sehemu. Katika miaka ya kwanza, ongezeko la kilo 20 hadi 30 za naitrojeni kwa hekta ndilo linalopendekezwa mara nyingi, na sehemu ya kiasi hicho itolewe mapema wakati wa kupanda. Anayekataa kuongeza chochote asishangae mahindi yake kubaki nyuma ya jirani aliyelima. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti 610 uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba, kwa wastani wa mazao mbalimbali, kutotifua kulishusha mavuno kwa asilimia 5.7 ikilinganishwa na kulima. Pengo lilikuwa dogo pale mabua yalipoachwa na mazao yakazungushwa, yaani yakapandwa kwa kupokezana msimu hadi msimu, na katika maeneo makavu yanayotegemea mvua mchanganyiko huo ulizidi kulima.

Miaka inavyopita mambo husogea. Mabua ya misimu iliyotangulia yanaanza kuachilia kile yalichofunga, mboji ya tabaka la juu inaongezeka, na ile nyongeza ya naitrojeni inaweza kupunguzwa kidogo kidogo. Hakuna tarehe moja kwa mashamba yote, kwa kuwa inategemea wingi wa mabua, joto na aina ya udongo. Kuzungusha na mikunde hufupisha safari hiyo kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Na mkulima anayekata tamaa na kulima shamba lote mara moja baada ya miaka kadhaa ataona rangi nzuri ya kijani msimu huo. Ni ile akiba iliyokusanywa kwa miaka inayofunguliwa kwa mkupuo.

Fosforasi na potasiamu. Mvua huosha potasiamu kutoka kwenye mabua na kuishusha moja kwa moja kwenye udongo wa juu, na mahitaji ya mbolea ya potasiamu hupungua. Kwa kuwa hakuna kinachochanganya, fosforasi na potasiamu hulundikana katika sentimita 5 za juu na kupungua chini yake. Je, hilo ni tatizo? Inategemea matandazo. Ukiyafunua matandazo mazito wiki kadhaa baada ya mvua kuanza, utakuta nyuzi nyeupe za kuvu zimeshikamanisha vipande vya mabua na udongo, na mizizi myembamba ya mahindi imetambaa karibu kabisa na uso wa ardhi. Penye unyevu namna hiyo mzizi hula juu bila shida. Penye matandazo haba, uso hukauka kwa siku chache, mizizi hushuka, na fosforasi inabaki juu mahali pasipoliwa. Asidi inayoletwa na mbolea za amonia nayo hujikusanya juu, kwa hiyo sampuli ya udongo ichukuliwe kwa tabaka mbili: sentimita 0 hadi 5, na 5 hadi 20.

Uwekaji wa mbolea. Kosa la gharama kubwa katika njia hii ni kutawanya urea juu ya mabua. Mabua yamejaa kimeng'enya kinachoivunja urea, na umande peke yake unatosha kuyeyusha punje. Kinachofuata ni gesi ya amonia kupotea hewani. Urea ifukiwe angalau sentimita 5, au iwekwe kabla ya mvua ya kutosha, milimita 10 hadi 15, itakayoishusha udongoni. Asiyeweza kufanya lolote kati ya hayo atumie mbolea ya kukuzia isiyo na urea, kama salfeti ya amonia yenye asilimia 21 za naitrojeni au kalsiamu amonia naitreti, na azingatie kwamba uzito wa kununua na kubeba utaongezeka, kwa kuwa urea ina asilimia 46. Mbolea ya kupandia nayo iende chini ya matandazo, pembeni mwa mbegu.

Magugu yanahusika moja kwa moja na mbolea hapa. Plau ilikuwa inayaua. Ikiondoka, ni dawa, jembe au matandazo mazito yatakayoifanya kazi hiyo, na magugu yaliyochelewa kudhibitiwa hula mbolea ya kupandia kabla ya mahindi. Vilevile, ugonjwa wa madoa ya kijivu ya majani huishi kwenye mabua yaliyobaki juu, na mahindi juu ya mahindi kila msimu huupa nafasi ya kuenea. Jani lililooza madoa halitumii mbolea yoyote.

Anayefaa. Mwenye mabua ya kutosha kufunika angalau asilimia 30 ya ardhi wakati wa kupanda, kiwango ambacho FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, inakitumia katika kueleza kilimo hifadhi na ambacho huhitaji tani 2 hadi 3 hivi za mabua kwa hekta. Mwenye udongo usiotuamisha maji. Mwenye shamba la mteremko. Na mwenye uwezo wa kugharamia naitrojeni ya ziada katika miaka ya mwanzo. Asiyeweza kuyalinda mabua yake dhidi ya mifugo afikiri mara mbili. Kutotifua huku ardhi ikiwa tupu hukusanya hasara za pande zote: uso hugandamana, maji hutiririka na kubeba mbolea, magugu hushamiri, na potasiamu imeondoka. Mchanganyiko huo sikuuhesabu kuwa njia ya tano kwa sababu sioni hali ambayo ningeupendekeza.

## Kuchagua kulingana na hali

Kama udongo wako ni wa kichanga na mvua ni chache, zingatia njia ya tatu kwanza, kisha ya nne mabua yakitosha. Gawa mbolea ya kukuzia mara mbili, kwa kuwa udongo huo haushiki naitrojeni kwa muda mrefu, na mabua usiyaondoe kwa sababu ya potasiamu.

Kama udongo ni mfinyanzi unaojaa maji, njia ya pili ina nafasi nzuri zaidi. Kwenye udongo uliolowa kupita kiasi, naitrojeni hugeuzwa kuwa gesi na kupotea, na kutotifua kunaweza kuongeza upotevu huo. Fukia mapema, na mbolea nyingi ya naitrojeni iache hadi mimea ifike magotini.

Kama shamba lina asidi inayohitaji chokaa, lima kwanza, changanya chokaa, rekebisha na fosforasi kama vipimo vinaonyesha upungufu mkubwa, ndipo uhamie njia ya tatu au ya nne. Kuanza kutotifua juu ya tatizo la asidi ya kina ni kulifungia ndani.

Kama mifugo lazima ile mabua, yagawe: masuke yaliyopukuchuliwa, majani na sehemu laini ziende zizini, mashina magumu yabaki shambani. Ukiweza, acha mabua yanyeshewe kidogo kabla ya kuyaondoa. Yatakuwa na ladha duni kidogo kwa ng'ombe, lakini potasiamu nyingi itakuwa imerudi ardhini. Samadi iende kwenye mistari au mashimo.

Kama fedha za mbolea ni chache msimu huu na huna uhakika wa nyongeza ya naitrojeni, usiingize shamba zima katika njia ya nne kwa mara moja. Anza na sehemu uliyopanda mikunde msimu uliopita, kwa sababu hapo mabaki hayafungi naitrojeni, na mche utaanza bila njaa.

Kama unalima mahindi peke yake kila msimu na huwezi kubadilisha zao, njia ya pili hupunguza tatizo la magonjwa ya majani. Ukichagua ya nne, tafuta mbegu inayostahimili madoa ya kijivu kabla ya kufikiria kiasi cha mbolea.

Kwa yeyote atakayebadili njia, kipande kimoja cha ulinganisho kina thamani kuliko mapendekezo yoyote yaliyoandikwa mbali na shamba lake. Pima mistari michache katikati ya shamba na uiongezee naitrojeni kuliko kwingine wakati wa kupanda. Mimea ikifika magotini, simama penye mpaka na utazame majani ya chini. Mistari ile ikiwa ya kijani zaidi kuliko jirani zake, shamba zima lina njaa, na mbolea ya kukuzia iwahishwe na iongezwe; rangi zikilingana, kiasi ulichoweka kinatosha hadi wakati huo, na ratiba ya kawaida iendelee.